Teke la Mashine ya Mikate

Mashine ya kukandia unga ya nyumba ile ilikuwa na teke kali kuliko la punda aliyenyimwa maji. Wapo wanaoapa kwamba siku ilipomvunja mkono mwenye mashine, kandambili yake ya kushoto iliruka ikatua juu ya bati la jirani, na mpaka leo iko huko, paka huilalia. Asiyeamini akodi ngazi. Lakini mkono ulivunjika kweli, hilo halina chumvi. Mwoka mikate alivuta kamba ya kuwashia, injini ikakohoa, ikageuka nyuma kwa hasira, ikamrudisha na kamba yake na kuubamiza mkono kwenye chuma. Alirudi kutoka hospitali na plasta nyeupe kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko, kama mkate mrefu ambao haujaingia motoni.

Ndiyo maana siku ya kumi na moja baada ya ajali, saa nne asubuhi, mkewe alikuwa amesimama tena kwenye lango la soko, aproni kiunoni, unga hadi kwenye nyusi, akitafuta mwanamume wa kumvutia kamba.

Makuli walikwisha mzoea. Mmoja aliuliza kama nyumba nzima haina mwanamume. Mwenzake akamjibu kwamba mwanamume yupo, ila siku hizi amepakwa chokaa. Wa tatu alitaka kujua kama kamba ikivutwa vizuri kuna chai, au ni asante ya mdomo tu. Mke alicheka pamoja nao, maana mwenye shida akinuna hapati msaada, lakini kicheko hicho kiliishia menoni, hakikushuka. Kila asubuhi aliondoka nyumbani akiwa mwoka mikate, akafika langoni akawa ombaomba.

Aliyemwokoa ni yule yule wa siku zote, kuli mmoja mpana aliyeitwa Winchi kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akishindwa kuinua kitu. Inasemekana aliwahi kubeba gunia la mchele na mwenye gunia juu yake, mtu akaendelea kuhesabu hela zake kule juu bila kujua. Winchi hakuwa na maneno. Alitua mzigo, akajifuta shingo, akatangulia.

"Kaka, leo nitakupa angalau nauli," mke alimwambia, akimfuata mbiombio.

"Twende, shemeji. Unga haungoji."

*

Injini ilikuwa ndogo tu, ya petroli, iliyong'olewa kwenye mashine ya kukatia majani ikafungwa kwenye fremu ya chuma. Kutoka hapo mnyororo wa pikipiki ulikwenda hadi kwenye pipa lenye mapanga ya kukandia. Chumba chenyewe kilikuwa kibanda cha uani chenye tanuri upande mmoja na meza ndefu upande wa pili. Kwenye kona yenye dirisha alikaa mama mzazi wa mwoka mikate, bibi wa nyumba, fundi cherehani aliyestaafu bila cherehani kustaafu. Alikuwa akishona mifuko ya kufunikia mikate, mguu mmoja kwenye pedali, sikio kila mahali.

Mwoka mikate aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akitoa amri. Winchi alishika kamba. Mara ya kwanza injini ilikohoa. Mara ya pili ilitema moshi. Mara ya tatu ikapiga teke, kamba ikarudi kwa nguvu ya kumwondoa mtu bega, na Winchi akaizuia kama mtu anayezuia mbuzi asikimbie. Ikafika mara ya kumi na tisa. Jasho lilimtoka likachuruzika hadi kwenye simenti. Wakati wote huo hamira ilikuwa imekwisha tiwa kwenye maji ya vuguvugu, ikipanda povu, haina habari na shida za watu.

Dawa zote zilikwisha jaribiwa. Plagi inayotoa cheche ilichomwa jikoni ikawa nyekundu. Petroli ilidondoshewa kwenye tundu la plagi. Kabureta ilioshwa mara tatu, safi kuliko vikombe vya wageni. Mpita njia mmoja alishauri mashine igeuziwe upande wa jua linakotoka, na ikageuzwa kweli, watu wanne wakainyanyua, kwa sababu aliyezama hushika hata povu.

Mara ya ishirini na nne ikalipuka kama sufuria lililoanguka, ikanguruma. Winchi akaachia kamba, akaangalia kiganja chake chekundu, akaaga. Bibi akamwambia akae apate chai, lakini Winchi alisema gunia lake liko peke yake. Ukweli ni kwamba alipenda kuja. Sokoni waliita kwa mluzi. Kwenye nyumba hii bibi alimwita mwanangu.

*

Kila siku mikate mia moja na sitini ilikwenda shule ya bweni, na arobaini iliyobaki ilinunuliwa na mtaa. Mtaa peke yake ungelisha tanuri kuni, si watu. Shule ndiyo iliyokuwa ikiwalisha wao, na shule ilitaka mikate saa kumi alasiri, chai inapomiminwa.

Siku hiyo mke alifika na mkokoteni saa kumi na dakika thelathini na tano. Mpishi mkuu wa shule, mama mmoja mwenye saa ya kiume mkononi, alikuwa amesimama mlangoni pa bwalo. Nyuma yake wanafunzi walikuwa na vikombe vitupu. Mpishi hakupaza sauti, na hilo ndilo lililouma. Aliuliza tu, mbele ya watoto wote, kama anajua chai kavu ina ladha gani. Mke alisema anajua. Mpishi akasema basi na hawa wameijua, leo ni mara ya nne.

"Mkate wako ni mzuri, mama. Sijala mzuri kuliko huu," mpishi alisema. "Lakini lori la kiwanda cha mikate linafika saa tisa na nusu, mvua au jua. Kesho ikifika saa kumi na dakika moja, usishushe. Geuza mkokoteni urudi nayo."

Njiani mke alisukuma mkokoteni mtupu akauona mzito kuliko ulipokuwa umejaa. Nyumbani aliyasema maneno ya mpishi kama yalivyo, hakuongeza wala hakupunguza. Mwoka mikate alisikiliza, akauangalia mkono wake, akatangaza kwamba kesho atavuta kwa mkono wa kushoto.

"Uvunje na huo, nikulishe kijiko kama kifaranga," mkewe alimwambia. "Kaa. Aitwe fundi."

*

Fundi wa mashine wa mtaa ule aliitwa Plagi. Jina alilipata kwa haki. Ukimletea mashine isiyowaka, alibadilisha plagi. Inayowaka ikazima, plagi. Watani wake walidai kwamba mkewe alipougua homa, alimwangalia kwanza masikioni kama ana plagi. Kwenye nyumba hii alikuwa amebadilisha plagi tatu ndani ya miezi miwili, na safari hii alifika kesho yake saa mbili asubuhi na ya nne mfukoni, ila aliona haya kuitoa.

Alimwamkia bibi, akavua kofia, akavuta kamba. Teke. Akavuta tena. Teke, na kofia ikaokotwa chini ya meza.

Kwenye kona cherehani lilinyamaza. "Fundi," bibi aliita, "hiyo mashine ina moto, haina moto?"

"Ina moto, bibi. Mzuri, wa buluu. Ndicho kinachonichanganya."

"Basi moto unakuja kabla ya wakati wake."

Mwoka mikate alimwambia mama yake awaache wenye kazi wafanye kazi. Bibi alisogeza kiti chake. Alimwita Plagi akamwonyesha tumbo la cherehani lake. Sindano ikishuka, alieleza, inapoanza tu kupanda huacha kitanzi cha uzi, na hapo hapo ile ncha ya chini hupita ikakidaka. Ikipita sawasawa, unashona nguo ya bwana harusi. Ikipita mapema kidogo, hata kwa unene wa kucha, inagongana na sindano. Sindano nzima, uzi mzima, mafuta yapo, na bado haishoni. "Nimewahi kulipiga kofi cherehani hili mwaka mzima," alisema, "kumbe halina ukaidi. Lina pupa. Na hiyo yenu naisikia hivyo hivyo. Haikatai kuwaka. Inawaka kabla pistoni haijafika juu, inaisukuma irudi ilikotoka, na kamba inarudi nayo."

Plagi alikaa chini. Kwa muda alionekana kama mtu aliyeambiwa jina la mtoto wake na jirani. Kisha akaanza kusema taratibu, akimweleza bibi na akijieleza mwenyewe. Ndivyo, moto unatakiwa upige pistoni ikiwa karibu kufika juu. Anayeuamuru moto ni sumaku iliyomo kwenye gurudumu zito la juu ya injini. Sumaku ikipita mbele ya koili, cheche inaruka. Na gurudumu lenyewe linashikwa pale linapotakiwa na kipande cha chuma laini, kidogo kama kucha ya kidole cha mwisho, mafundi hukiita kii. Kii ikikatika kidogo, gurudumu linateleza mbele, sumaku inawahi, moto unawahi.

"Ifungue basi," mke alisema.

"Kuling'oa gurudumu si kama kung'oa kizibo, mama. Limekaa hapo miaka. Nikilitoa kwa kubahatisha likapasuka, jingine halipatikani, na leo hamkandi kabisa." Plagi aligeuka kumtazama mwoka mikate. "Kii haikatiki kwa uzee. Hukatika mashine ikisimama ghafla, ikiwa mbioni. Kuna kitu kiliwahi kuingia kwenye mapanga, ikasimama tu? Mawe? Chuma?"

Mwoka mikate aliangalia dari. "Hapana."

"Una hakika?"

"Kwani mimi mtoto?"

Plagi alishusha pumzi. Kama ni hapana, alisema, basi si hilo, na yeye hawezi kuvunja mashine ya watu kwa kisa cha cherehani. Akaanza kukusanya spana. Na pole pole, kwa aibu, akatoa ile plagi ya nne.

Saa ya ukutani ilikuwa saa mbili na nusu. Mke aliitazama. Alichukua kitambaa, akakichovya majini, akaanza kujifuta unga kwenye nyusi. Alijifuta vizuri, upande mmoja, upande wa pili, kama mtu anayejiandaa kwenda kwenye karamu. Mumewe alimtazama bila kuelewa. Halafu akaelewa. Alikuwa anakwenda langoni, na alitaka leo wamcheke akiwa msafi.

"Mwiko," mwoka mikate alisema.

"Mwiko gani?" aliuliza bibi.

Akajibu akitazama ndoo yake. Ule mkubwa. Ule aliouchonga marehemu baba. Miezi miwili iliyopita alikuwa akikwangua unga pembeni ya pipa mashine ikizunguka, jambo ambalo mama yake alimkataza tangu siku ilipofungwa. Mapanga yakaudaka mwiko, yakasimama ghafla, injini ikazimika hapo hapo. Mwiko ukavunjika vipande viwili. Tangu siku ile mashine ikawa haiwaki vizuri, naye akajiambia ni petroli mbaya.

"Uko wapi?"

Akaangalia tena dari. Na kweli ulikuwa huko, juu ya mbao, ndani ya gunia la unga. Mke akapanda juu ya meza akautoa. Vumbi likawamwagikia wote.

Bibi aliviweka vile vipande mapajani. Wote walirudi nyuma hatua, maana walikumbuka kwamba mwiko ulipopotea, bibi alimshuku jirani wa ukuta mmoja, aliyekuwa ameuazima wiki hiyo na kuurudisha. Miezi miwili hakuwa amemwitikia salamu. Jirani alisema habari za asubuhi, na bibi akawajibu kuku.

"Nilidhani utalia, mama," mwoka mikate alisema. "Ndiyo kumbukumbu pekee ya mkono wake."

"Wewe je, si kumbukumbu ya mkono wake? Na tazama ulivyojivunja." Bibi alimgeukia Plagi. "Fundi, nenda ukalete chombo chako. Yetu tutayazungumza."

*

Plagi aliondoka na baiskeli na kurudi saa nne kamili. Watu husema alilipita lori, lakini lilikuwa lori lililoegeshwa. Alikuja na chombo cha kung'olea, akakifunga juu ya gurudumu, akakikaza kidogo, akagonga, akakaza, akagonga. Gurudumu likaachia kwa mlio kama wa chupa ya soda. Akachungulia, akaingiza koleo, akatoa kitu na kukiweka kwenye kiganja cha bibi, kwa sababu alijua nani aliyekigundua.

Kilikuwa kipande kidogo cha chuma cha kijivu, hakijakatika kabisa. Kilikuwa kimekatwa nusu na kusogea, kikafanana na ngazi ya vidato viwili. Kosa lote la miezi miwili, mkono uliovunjika, kamba, lango la soko, vikombe vitupu, lilikuwa dogo kuliko punje ya mchele.

"Waliounda injini wameifanya laini makusudi," Plagi alisema. "Ikatike yenyewe, injini ipone."

"Watu wenye akili," alisema bibi.

Kii mpya ilitoka kwenye kopo la vidude. Bei yake haikufika bei ya mkate mmoja, na Plagi alipoombwa ataje ya ufundi, alisema ya ufundi apewe mwenye cherehani. Alifunga gurudumu, akalikaza, akarudisha kifuniko. Mwoka mikate akasimama kwenye ndoo yake akasema aitwe Winchi. Plagi akatikisa kichwa, akamkabidhi mke kamba.

Alimwelekeza. Vuta taratibu mpaka uone uzito, pistoni iko njiani kupanda. Hapo acha kamba irudi yenyewe. Sasa vuta mara moja, ndefu, bila hasira.

Mke akavuta taratibu. Akaona uzito. Akaacha kamba irudi. Akatazama mkono wa mumewe wenye plasta, akavuta.

Injini ikawaka. Haikukohoa, haikutema moshi, haikupiga teke. Iliwaka tu, kama mtu aliyeitwa akiwa macho. Mke alibaki ameshika kamba, akiiangalia ilivyorudi pole pole ndani ya tundu lake, na machozi yakamtoka bila yeye kuyaruhusu. Mumewe alitaka kumwambia kitu kikubwa. Kilichotoka kilikuwa kidogo.

"Nisamehe nyusi zako," alisema.

Mikate mia moja na sitini ilifika shuleni saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Mpishi mkuu aliangalia saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni. Kisha akaumega mkate mmoja, akaunusa mvuke, akaagiza chai imiminwe. Kwa mke alisema maneno mawili tu. "Kesho hivyohivyo." Mke alirudi na mkokoteni mtupu, na safari hii ulikuwa mwepesi mpaka ukamtangulia kwenye mteremko.

*

Jioni jua likiwa bado lipo, bibi alivaa viatu vyake vya kwenda mbali, ingawa safari ilikuwa ya hatua tisa. Alibeba mkate wa moto. Mwanawe alimfuata na vipande viwili vya mwiko, kimoja kwenye mkono mzima, kingine kimekwamishwa kwenye plasta. Jirani alifungua mlango akabaki mdomo wazi. Bibi aliuliza habari za asubuhi.

"Ni jioni, dada."

"Najua. Nakujibu za miezi miwili."

Mwoka mikate alieleza yote akiwa amesimama, maana hakukaribishwa kukaa mpaka alipomaliza. Jirani alisikiliza akauchukua mkate. Akasema hakuwahi kujua kosa lake ni mwiko. Kila usiku kabla ya kulala alihesabu makosa aliyoweza kumkosea bibi, akafika kumi na manne, na mengine yalikuwa ya kweli. Wale wazee wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kandambili iliyo juu ya bati haikuzungumzwa.

*

Kesho yake saa nne, Winchi alisimama langoni akitazama barabara. Mke hakuja, kama ambavyo hakuja jana. Saa nne na robo akatua gunia la watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya bila kuitwa, akaja mwenyewe. Moyoni alikuwa na neno moja tu, kwamba kuna mtu amekufa.

Alikuta unga umepimwa, hamira iko tayari, mashine imenyamaza na watu wote wamesimama kama wanaosubiri picha.

"Imepona, kaka," mke alisema. "Tungekwisha iwasha tangu mapema. Lakini nimekungoja. Siku kumi na moja ulikuja, na hata siku moja hukuniuliza utapata nini. Leo uiwashe wewe, ujue tulikuwa tukishindana na nini."

Winchi hakujua aangalie wapi. Akajifuta viganja kwenye suruali, akashika kamba. Bibi alimwambia avute kwa vidole viwili, lakini mwili una mazoea yake. Winchi alivuta kwa nguvu ya siku kumi na moja, kamba ikaja laini kama uzi wa cherehani, injini ikawaka papo hapo, na yeye akaenda kinyumenyume hatua nne akakaa ndani ya karai la unga. Wingu likapanda. Lilipotua, alikuwa mweupe hadi kwenye nyusi, naye alikuwa anacheka. Hakuna kwenye mtaa ule aliyewahi kusikia kicheko chake. Kilikuwa chembamba, kama cha msichana.

Safari hii alikaa, akanywa chai. Aliporudi langoni alikuwa na mkate mzima kwapani, wa jana lakini bado laini, na makuli walimwona kwa mbali wakaanza: kumbe Winchi naye amepakwa chokaa, kumbe nyumba ile inawameza wanaume mmoja mmoja. Winchi alikaa juu ya gunia lake, mweupe vilevile, akaumega mkate. Hakumjibu mtu. Kinywa kilikuwa na kazi.